Chungu Kisichonuka Maharage

Haya, sogeeni. Na wewe uliyekaa mlangoni, funga mlango, baridi inaingia. Nataka mnisikilize kwa masikio yote mawili, kwa sababu mwisho wa hadithi hii sitaumaliza mimi. Mtaumaliza ninyi, na msije mkasema sikuwaonya.

Hapo zamani, zamani ile ya simu za kubonyeza, palikuwa na kijiji kimoja juu kabisa kwenye milima ya Uporoto, ambako ukungu unaingia ndani bila hodi. Na katika kijiji hicho aliishi mama mmoja mjane, jina lake Bibi Tusajigwe, na kazi yake ilikuwa kutunza mbegu.

Msicheke. Utunzaji mbegu ni kazi. Maharage yakishavunwa, kila nyumba ilitenga ya kupanda msimu ujao, ikayachanganya na majivu, ikayatia chunguni na kuyapeleka kwa Bibi Tusajigwe. Kwa nini wasiyaweke kwao? Kwa sababu njaa haina adabu. Mbegu ikikaa jikoni kwako, siku mboga imekosekana utachota kidogo, kesho utachota kidogo, mvua ikija umebaki na majivu matupu. Ikikaa kwa mwenzako huichoti. Basi vyungu thelathini na kimoja vilipangwa katika chumba chake cha nyuma, havina alama hata moja, na Bibi Tusajigwe alivijua vyote kwa kichwa. Hiki cha nani, mbegu gani, ya shamba lipi. Ungemfunga kitambaa machoni angekuambia.

Juu ya vyungu hivyo, kwenye boriti, kilining'inia kibuyu. Ndani yake mlikuwa na mbegu nyeusi zenye doa jeupe, alizoachiwa na mama yake, ambaye naye aliachiwa na mama yake. Kibuyu hicho ndicho kilichomfanya mtunza mbegu awe mtunza mbegu. Hakikugawanywa. Kilitoka mkono mmoja kwenda mkono mmoja, siku ya mvua ya kwanza, na siku hiyo kila mwaka mtunza mbegu, akitoe asikitoe, alipaswa kwanza avitaje vyungu vyote mbele ya watu, kimoja kimoja. Akishindwa, kibuyu kinamwagwa uani, kila mtu anaokota anachoweza, na utunzaji umekwisha.

Tena palikuwa na mwiko, na huu ushikeni vizuri. Tangu mavuno hadi mvua, chungu cha mtunza mbegu hakitakiwi kunuka maharage. Akipika maharage, hata kama ni yake, watu wataanza kuulizana: yametoka wapi yale? Mama yake Bibi Tusajigwe alikuwa haonji maharage mpaka mvua inyeshe, halafu anakula mpaka anasinzia. Bibi Tusajigwe akazidisha. Mumewe alipofariki akaona macho ya watu yako juu yake, mjane, peke yake, na chumba kizima cha chakula cha watu. Akasema mimi sili kabisa, mvua isinyeshe, inyeshe. Miaka minne hakutia punje ya maharage mdomoni. Alikula ugali wa sembe na majani ya maboga, na usiku akalala na heshima yake.

Basi mwaka wa nne kichwa kikaanza kumwacha.

Kilianza na usingizi. Ulimpaa. Halafu yakaja machozi, yanatoka tu, anachambua mboga analia, anafagia analia, ukimuuliza unalia nini hajui. Tumbo likamsumbua, mdomo ukawa unawaka moto. Kisha siku moja akaingia chumba cha vyungu, akasimama katikati, akatazama kulia, akatazama kushoto, na vyungu vikamtazama kama wageni. Akaweka mkono juu ya kimoja. Cha nani hiki? Akaweka juu ya kingine. Cha nani hiki? Akafunga mlango, akaketi kizingitini, na akamwomba Mungu kitu kimoja tu: "Nichukulie miguu, nichukulie macho, lakini vyungu vya watu usinichukulie."

Kijijini wakaanza kunong'ona, si mnatujua. Wengine wakasema, "Uzee huo." Jamani, mama wa miaka hamsini na nane! Wengine wakasema, "Amerogwa kwa sababu ya kibuyu." Na mvua ilikuwa imebakiza miezi mitatu.

Sasa hapo ndipo wanapoingia watu wangu watatu. Wahesabuni.

Wa kwanza alikuwa Fundi Ipyana, fundi cherehani, mwanamume mpole, mkimya mpaka unasahau kama yupo. Bibi Tusajigwe alikwenda kwake akapimwe gauni. Fundi akamzungushia futi shingoni. Shingo ilikuwa imebabuka pande zote, nyeusi, ngumu, utadhani mama kavaa mkufu wa masizi. Akapima mikono, nayo vilevile. Halafu macho ya ushonaji yakaona jambo ambalo macho ya wengine hayakuliona: kubabuka kulianzia pale pale gauni la zamani lilipoishia. Shingoni palikuwa na mstari, mikononi palikuwa na mstari, kama ugonjwa umefuata mshono. Chini ya nguo ngozi ilikuwa safi.

Fundi Ipyana alijua. Ujanani alishona nguo kwenye kambi moja ya wakimbizi, ambako watu walikula unga wa mahindi mtupu mwezi baada ya mwezi. Aliona shingo kama ile, na aliona vichwa vilivyofuata baada ya shingo. Aliijua habari hiyo kama anavyoijua sindano yake.

Akasema nini? Hakusema kitu. Aliona haya. Mwanamume aanzeje kumwambia mjane wa watu habari za ngozi yake? Akaandika vipimo, akasema, "Njoo Jumamosi, mama."

Jumamosi Bibi Tusajigwe hakuja. Wala Jumamosi ya pili. Wiki ya tatu fundi akampelekea gauni nyumbani, na mama akalitazama, akasema kwa upole, "Gauni zuri, mwanangu. La nani?"

Fundi Ipyana alirudi kwake akajilaumu mpaka machozi yakamlenga. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea kwa mtu mkimya vile. Alizunguka kijiji kizima akitafuta namba ya simu ya binti wa Bibi Tusajigwe, akapanda kilimani kwenye mtandao, akapiga. Akasema, "Dada, hatujuani. Mama yako si mzee na hajarogwa. Anaumwa, na ugonjwa wake unatibika. Njoo leo, usije kesho."

Wa pili ndiye huyo binti, Subilaga. Alikuwa Mbeya mjini, anafanya usafi kwenye ukumbi wa wanyanyua vyuma, na miaka mitatu hakuwa amekanyaga kwa mama yake. Kisa? Siku moja alikuja nyumbani ametoka kuugua, hana nguvu, akasema, "Mama, hamu yangu ni bakuli moja la maharage ya kuungwa. Moja tu." Mama akamwambia, "Chungu changu hakinuki maharage, na wewe unajua." Subilaga akasema, "Basi kaa na vyungu vyako." Akaondoka asubuhi yake. Alipopigiwa simu na fundi hakuuliza maswali mawili. Aliomba ruhusa ya siku tatu, akaja.

Alipofika, mama yake akampokea vizuri, akamkaribisha kiti, akamuuliza, "Na wewe, mwanangu, mama yako yupo?"

Subilaga alimbeba mama yake, nasema alimbeba, mpaka zahanati. Huko palikuwa na daktari wa kike, Daktari Lwitiko, mkali kidogo lakini moyo wake mzuri. Akaitazama shingo, akaitazama mikono, akaanza kuuliza.

"Mama, unakula nini?"

"Ugali."

"Ugali wa nini?"

"Sembe."

"Na nini?"

"Majani ya maboga."

"Na jana?"

"Ugali na majani ya maboga."

"Nyama?"

"Krismasi."

"Maziwa?"

"Ng'ombe tulimchinja msibani kwa baba yao."

"Na maharage, mama? Hata maharage?"

"Sili."

"Huna?"

Hapo Subilaga akacheka kicheko kilichogeuka kilio. Akasema, "Daktari, chumbani kwake mna vyungu thelathini na kimoja." Akamsimulia mwiko, na bibi yake aliyeushika huku akinywa maziwa ya ng'ombe wake.

Daktari Lwitiko akavua miwani. Akamweleza mama polepole, kama unavyomweleza mtu unayemheshimu. Akasema, "Chakula chenye protini mwili unakivunja vipande vidogo vidogo. Vipande hivyo vinaitwa amino asidi. Ubongo unavichukua, unatengenezea kemikali zake, za usingizi, za utulivu wa moyo, za kukusaidia kufikiri. Sasa kipo kipande kimoja, triptofani. Sembe inacho kidogo mno. Kutokana nacho mwili unatengeneza pia vitamini moja, na hiyo vitamini sembe haikupi vya kutosha. Ukikosa kipande na ukakosa vitamini, ngozi inababuka juani, tumbo linavurugika, na akili inaanza kuaga. Mama yako wewe alikuwa na ng'ombe wa maziwa, kwa hiyo mwiko ule haukumdhuru. Wewe huna."

Bibi Tusajigwe hakushika yote. Alishika moja. Akauliza, "Kwa hiyo sijawa kichaa?"

"Una njaa, mama. Tumbo limeshiba, ubongo una njaa."

Mama yule akaushika mkono wa daktari akaulaza shavuni. "Ndaga," akasema, maana kwao ndivyo wanavyoshukuru. "Ndaga fijo." Miezi yote ile alikuwa amebeba hofu peke yake, na sasa ilikuwa na jina na dawa.

Daktari akatoa vidonge vya vitamini. Akasema, "Na aanze kula maharage leo." Bibi Tusajigwe akasema, "Leo siyo, nimeshika vyungu vya watu. Labda mvua ikinyesha." Wakambembeleza, akakataa. Wakamgombeza, akakataa zaidi. Jambo hilo peke yake ndilo lililokuwa limebaki wima kichwani mwake, na asingeliachia.

Basi Subilaga akarudi Mbeya mbio. Pale ukumbini aliwaona siku zote wanyanyua vyuma wakikoroga unga fulani kwenye chupa, akakumbuka maandishi ya kwenye kopo: amino asidi. Akawaendea mmoja mmoja, majitu yale, akawaambia, "Mama yangu ananiuliza kama mama yangu yupo." Wakamchangia kopo zima. Kopo lenyewe lina picha ya mwanamume kifua wazi, misuli imetuna utadhani kameza viazi vizima. Daktari akalisoma huku na huku, akasema, "Kipande chetu kimo, pamoja na wenzake. Sijawahi kumwandikia mtu kitu hiki. Lakini kama chakula anakataa, kijiko kimoja kwenye uji sioni kama kitamdhuru, mradi vidonge asiache."

Habari za kopo zikaenea, si mnatujua. Mzee mmoja mwenye kijana wa darasa la saba akaja na kikombe. "Nipimieni kidogo, ana mtihani." Daktari Lwitiko alipopata habari akaja mwenyewe akasema, "Mwenye pengo ndiye anayejaziwa. Kijana wako anakunywa maziwa na anakula maharage kila siku, ubongo wake hauna pengo la hivyo. Hafaulu kwa sababu hasomi." Mzee akaondoka na kikombe chake kitupu.

Ruhusa ya siku tatu ikaisha. Subilaga hakuondoka. Wiki ikapita, akabaki. Ya pili ikapita, kule mjini kibarua kikaota nyasi, akabaki. Kila asubuhi alikoroga uji, akatia kijiko, akaketi mbele ya mama yake mpaka kikombe kikauke. Mwisho wa wiki ya tatu kopo likaisha.

Sasa wa tatu. Wa tatu alikuwa jirani, Atupele, mwanamke wa maneno mengi na mikono miepesi, ambaye ua wake na wa Bibi Tusajigwe unatenganishwa na migomba mitatu tu. Tangu siku ya zahanati Atupele alikuwa anasikia yule mama anavyobembelezwa kula maharage na anavyokataa. Akawaza, maneno yamekwisha, sasa kazi. Kila mchana akawa anapika jikoni kwake, anayaponda yalainike kabisa, anayachanganya na majani ya maboga na vitunguu mpaka hayajulikani, anakuja nayo. "Mama Subilaga, mboga yangu hii, onja." Mama anaonja, anasema, "Mbona tamu hivi?" Anamaliza bakuli. Subilaga alijua? Subilaga alinusa siku ya kwanza, akageuza uso.

Lakini sasa Atupele alikuwa anayatoa wapi? Ghalani kwake hamkuwa na kitu, mavuno yalikuwa mabaya. Alikuwa na chungu chake kimoja cha mbegu, kile kilichokuwa kwa Bibi Tusajigwe. Akijidai amekuja kufagia, akawa anaingia chumba cha nyuma, anachota, anafunika. Anachota, anafunika. Wiki mbili chungu chake kikaisha chote. Atupele hakuwa tena na cha kupanda mwaka ule, na alijua maana yake kwa watoto wake wanne.

Halafu, wasikilizaji wangu, akafungua cha jirani. Akachota konzi moja. Kesho yake akafungua cha mwingine, konzi moja. Akavizunguka hivyo, mpaka mvua.

Je, dawa ilifanya kazi? Ilifanya. Mdomo ulipona kwanza, halafu tumbo. Ngozi ya shingoni ikabanduka, ya chini yake ikatoka laini. Usingizi ukarudi, usingizi mzito wa mtu aliyelima kutwa. Machozi yakakatika. Na asubuhi moja, wiki ya tano, Bibi Tusajigwe aliamka akasikia jogoo, akajua ni jogoo wa nani na leo ni Alhamisi. Alilala pale akaogopa kujitingisha, asije akaimwaga ile fahamu. Subilaga akaingia na uji. Mama akamtazama.

"Subi," akasema.

Binti akaweka kikombe chini.

"Subi, yale maharage ya kuungwa uliyoniomba. Ulikuwa mgonjwa, nami nikakunyima bakuli moja. Nisamehe, mwanangu."

Mnaona? Akili yake iliporudi, jambo la kwanza ililomletea ni lile ambalo angefurahi kulisahau. Na alilipokea. Walilia wote wawili, na hayakuwa yale machozi yasiyo na sababu. Baadaye mama yule alitoka uani peke yake akashukuru kila alichokiona, akashukuru kuni, akashukuru bata, akaishukuru hata ile mvua iliyokuwa bado haijaja.

Mvua ikaja siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi. Wenye vyungu wakajaa uani, wengine wamejifunika mifuko ya plastiki. Daktari Lwitiko naye alikuwepo, alitaka kujionea. Bibi Tusajigwe akasimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, kavaa lile gauni la Fundi Ipyana, mkono juu ya chungu cha kwanza. Kama asingejua, kibuyu kingemwagwa pale pale.

"Hiki cha kwa Mwakasege," akasema. "Mekundu ya kutambaa, ya bondeni. Hiki cha mjane wa ng'ambo ya mto, ya njano, mafupi. Hiki cha mwalimu, amechanganya ya aina mbili, nilimkataza." Mwalimu akacheka, watu wakacheka, moyo wa Bibi Tusajigwe ukafunguka. Akaenda hivyo, kimoja kimoja, ishirini, ishirini na tano, thelathini, hakukosea hata kimoja. Vigelegele vikalipuka.

Akaweka mkono juu ya cha mwisho. "Na hiki cha Atupele, ya kahawia yenye mistari." Akakinyanyua ampe. Kilikuwa chepesi. Akakifungua. Majivu matupu.

Mwenye chungu cha jirani akaingiza mkono chake. "Mbona changu kimepungua?" Mwingine, "Na changu!" Basi pakawaka. "Nani ameiba mbegu? Mtunza mbegu gani huyu?" Uso wa Bibi Tusajigwe ukasawijika. Miaka minne ya kujinyima, na sasa hivi!

Atupele akatoka mbele. Hakungoja kuitwa.

"Ni mimi," akasema. "Nimezichota mimi. Na zimeliwa na mama huyu, kila mchana, na hakujua."

Bibi Tusajigwe akageuka akamtazama. Ulimi wake ukakumbuka ile mboga. Mbona tamu hivi? Akashika mwimo wa mlango. Amekula mbegu za watu. Yeye, wa watu wote. Mvua inapiga bati. Halafu kitu kikamjia ambacho hakukitegemea. Kilikuwa shukrani, imempanda kutoka tumboni mpaka machoni.

Akasema, "Konzi mlizopungukiwa nitawafidia kwa maharage ya shamba langu, mavuno yajayo. Leo msinigombee. Leo nimevitaja vyungu thelathini na kimoja, na miezi miwili iliyopita sikumjua mwanangu. Sikujiponya. Nimeponywa." Akaingia ndani, akapanda kigoda, akashusha kibuyu. Akatoka nacho kifuani.

"Nakitoa leo, wakati akili ninazo," akasema. "Nimejua sasa kwamba zinaweza kuondoka. Aliyenirudisha ndiye atakayekishika, na atavitunza vyungu baada yangu. Semeni."

Watu wakamsukuma mbele Fundi Ipyana. Akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Mama, mimi ndiye niliyeona. Wote walikutazama, hakuna aliyekuona. Nisingesema, binti asingekuja, daktari asingeulizwa, kopo lisingefunguliwa. Lakini nilinyamaza wiki tatu, na wiki tatu hizo ulizilia peke yako. Hilo nalo ni langu."

Subilaga akasema, "Mama, mimi ndiye niliyekubeba. Nimeacha kazi, nimekukorogea uji kila asubuhi, kile kipande ulichokikosa nilikuletea kwenye kijiko. Ulikataa chakula, ukakubali mkono wangu. Lakini miaka mitatu sikuja. Ningekuja, ningeona kabla ya fundi. Hilo nalo ni langu."

Atupele akasema, "Mama, mimi ndiye niliyekulisha. Mbegu yangu yote umekula, sina cha kupanda. Kopo lilikwisha, bakuli langu halikwisha. Lakini nimekudanganya kila mchana, na nimechota kisicho changu. Na nitawaambia ukweli: ingekuwa leo, ningechota tena."

Bibi Tusajigwe akamgeukia Daktari Lwitiko. "Mwanangu, wewe umesoma. Ni kipi kilichoniponya? Kopo, au maharage?"

Daktari akatikisa kichwa. "Na vidonge vyangu je? Vyote viliingia mdomo mmoja, wiki zile zile, mama. Ningejua maharage unayala ningewaambia kopo la nini. Vidonge naviamini, maharage nayaamini, kopo linaweza kuwa lilisaidia. Kipi kilikuwa cha kwanza kukufikia kichwani, sijui, na atakayekuambia anajua, mwulize amejuaje." Akaongeza, "Kibuyu mimi sikitaki. Nilifanya kazi yangu."

Basi alisimama pale, jamani, mvua inamlowesha gauni jipya, kibuyu kifuani, watu watatu mbele yake, na moyo wake umejaa mpaka unamuuma kwa jinsi alivyowapenda wote. "Ndaga," alimwambia fundi. "Ndaga," alimwambia binti. "Ndaga," alimwambia jirani. Kama kingegawanyika angekigawa. Hakigawanyiki.

Akanyoosha mikono.

Na mimi naishia hapo. Msinikodolee macho, niliwaambia. Mkisema fundi, kumbukeni hakuna mwanamume aliyewahi kukishika kibuyu kile, na kumbukeni wiki zake tatu. Mkisema binti, basi mmempa yule aliyesema kaa na vyungu vyako. Mkisema Atupele, mnaweka mbegu za kijiji mikononi mwa mtu aliyekwisha kuzichota, na ambaye amewaambia mchana kweupe kwamba atazichota tena. Na mkisema hakuna, basi mwambieni ninyi mama yule, amelowa, mikono ameinyoosha, shukrani zake azipeleke wapi.

Haya. Vyungu thelathini na kimoja vinangoja, mvua inanyesha. Je, nani alistahili kibuyu?